Darasa la Nane la Kwemvumo

Wewe ungeweza kukaa ndani ya nyumba yako mwenyewe, mlango umezuiwa kwa gogo kutoka nje, na huko nje safu nzima ya majirani wanakulimia shamba lako kwa majembe yao? Ungekaa? Basi Sheshe alikaa. Alikaa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, karibu na dirisha dogo linalotazama mteremkoni, kitabu cha Kiingereza kimefunguliwa mapajani, na kila jembe lililoingia ardhini alilisikia mgongoni kana kwamba analimwa yeye.

Pale Kwemvumo, kijiji kilichokaa juu ya barabara ya Soni kwenda Lushoto, kazi kubwa haikufanywa na mtu mmoja. Mwenye shamba la kufungua au nyumba ya kukandika aliita ngemo. Majirani walikuja na majembe yao, mwenye kazi akawapikia, wakamlimia, kisha naye akaenda kwa kila mmoja wao siku yake ilipofika. Hakuna aliyeandika popote. Mwili ndio uliokumbuka, na mwili ndio uliolipa. Na kulikuwa na jambo moja ambalo halikulegezwa kwa yeyote: mwenye shamba alisimama mwanzo wa safu, upande wa juu, na jembe lake ndilo lililotangulia kushuka. Asipoonekana kwenye ngemo yake mwenyewe, watu waliulizana amefiwa au anaumwa.

Sheshe hakuwa amefiwa, wala hakuwa anaumwa. Alikuwa anajisomea mtihani wa darasa la nane, na umri wake ulikuwa umeshafika wa kuozesha binti.

Aliyeweka gogo mlangoni alikuwa mzee Idd, kiongozi wa ngemo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakuliweka kwa ubaya. Siku ya kwanza Sheshe alipoanza kusoma, aliposikia wimbo umepandishwa na majembe yamepokeana, alishindwa, akatupa kitabu kitandani na kutoka na jembe lake. Mzee Idd akamrudisha. "Ndani, mgosi! Leo jembe lako ni karatasi." Siku ya pili akatoka tena, safari hii kwa kisingizio cha kwenda haja, akakutwa nyuma ya migomba anakata tuta. Siku ya tatu ndipo gogo lilipopatikana, na watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Sasa hawakucheka tena. Ilikuwa ni desturi tu: kuja, salamu, gogo, wimbo.

Ilikuwa ile miaka ya matuta, Mwingereza bado yuko. Bwana shamba alikuwa ameamuru kila kaya ikate matuta shambani ili udongo usishuke bondeni. Kulima mteremko ni kazi, lakini kulima matuta ni kazi juu ya kazi. Unachimba, unavuta udongo kwenda juu wakati wenyewe unataka kwenda chini, unaupanga, unaukanyaga, halafu mvua ya usiku mmoja inakuja kuulaza, na asubuhi unaanza tena. Aliyeyaacha yabomoke aliitwa barazani.

Na barazani ndiko maneno yalikoanzia. Karani aliyekuwa anaandika kesi alikuwa kijana wa watu, mpole, mwandiko wake safi kama umechapwa, lakini alikuwa ametoka mbali na Kishambaa hakukijua. Bibi Mosi, mjane aliyekuwa anakaa peke yake nyumba ya mwisho pale kijijini, alipoitwa kwa ajili ya matuta yake, alieleza kwa Kishambaa, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni. Alisema maji ya barabara ya juu ndiyo yaliyobomoa. Karani akaandika alichoelewa, kwamba bibi amekataa kuyajenga. Bibi Mosi akahukumiwa kufagia uwanja wa baraza, na uzee wake ule, na mgongo wake ule. Alifagia. Alipokuwa anapanda kurudi alikaa njiani mara nyingi, na kila aliyempita alimwona.

Haukupita muda ikasikika kwamba yule karani atahamishwa, na kwamba anatafutwa mwingine, yeyote, wa umri wowote, mradi awe na cheti cha darasa la nane. Wanaume wa Kwemvumo wakakutana nyumbani kwa Sheshe. Kwa nini kwa Sheshe? Kwa sababu katika kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyewahi kulala bweni. Alifika darasa la sita, baba yake akafariki, akarudi nyumbani kushika jembe.

"Si ulifika sita?" mzee Idd alimwuliza.

"Nilifika, mzee, lakini ni zamani. Zimebaki herufi tu, na zenyewe zimeota kutu."

"Saba na nane ni mbili," alidakia Ramadhani, jirani wa upande wa chini, mtu asiyeweza kunyamaza hata kwenye mazishi. "Mtu ameshafika Soni kwa miguu, atashindwa kumalizia Lushoto?"

"Mimi nina shamba, Ramadhani. Nina watoto."

"Shamba tutalima sisi," alisema mzee Idd. "Na watoto utatuzalia wengine ukishakuwa karani. Tunataka mtu wetu pale mezani. Bibi Mosi akisema maji, yaandikwe maji."

Kila mmoja alisema lake usiku ule. Mama yake Sheshe, aliyekuwa amelala chumba cha pili, naye alipaza sauti kutoka kitandani kwamba marehemu angefurahi. Hamida, mkewe, alikuwa anapitisha uji. Alipomfikia mumewe akamjazia bakuli mpaka juu, akaendelea kwa mwingine.

Ndivyo Sheshe alivyoanza.

Aliyemfundisha alikuwa mwalimu Tobia, Mbondei wa pande za Zirai, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikubali kumpokea kila Jumamosi mchana, shule ikishafungwa, na kumwandikisha kama mtahiniwa wa nje. Walikaa barazani pa shule, kwenye dawati la watoto, magoti ya Sheshe yamepanda karibu na kidevu. Kwa kuwa Mbondei na Mshambaa ni watani, somo lilianza kwa matusi.

"Nyie Washambaa vichwa vyenu vimejaa ukungu," mwalimu alisema, anafuta ubao. "Neno likiingia linapotea njia."

"Na nyie Wabondei vyenu vimejaa nazi. Mtu akitikisa anasikia maji."

"Haya, nazi inakuuliza. Treni moja imetoka Tanga, nyingine imetoka Moshi, reli ni hiyohiyo. Zitakutana wapi?"

Sheshe aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akainua uso. "Mwalimu, hii ya Moshi haisimami Mombo?"

"Kwenye hesabu haisimami."

"Basi aliyeitunga hajawahi kumngoja mtu Mombo."

Mwalimu Tobia alicheka mpaka ikabidi aivue ile miwani. Lakini hesabu ilibaki pale pale haijafanywa.

Nakwambia, kusoma ukiwa mtu mzima si kama kusoma utotoni. Mtoto neno linamwingia wakati anafikiria mpira. Sheshe alisoma ukurasa mmoja, akafika chini, akagundua kwamba macho yalikuwa yanatembea na akili imebaki juu. Akarudia. Akajifunza jana ya kila kitendo cha Kiingereza, maana huko kila kitendo kina jana yake ya peke yake, na asubuhi akakamua ng'ombe huku anazitaja, na mchana zilikuwa zimeshamwagika. Akajifunza habari za ngano inayolimwa Kanada, nchi ambayo alielezwa ni tupu na baridi, na akawaza ni nani anayeilima yote hiyo, wanaitana vipi.

Na watu hawakumwacha. Kisimani waliuliza, "Umefika wapi?" Akitoka msikitini baada ya adhuhuri walimngoja nje wakimwuliza, "Kinaingia?" huku wakigusa vichwa vyao. Ramadhani alifika hatua ya kumtambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye karani wetu, bado hajaiva." Kila swali lilikuwa jepesi, la upendo kabisa, na kila swali lilimkalia mabegani kama mzigo wa kuni mbichi.

Lakini kilichomchosha zaidi hakikuwa kitabu. Nimesema mwili ndio uliolipa ngemo. Sasa mwili wa Sheshe ulikuwa umefungiwa ndani, na deni lilikuwa linaongezeka kila wiki. Basi ulikwenda mwili wa Hamida. Alikwenda kwa mzee Idd, akaenda kwa Ramadhani, akaenda kwa bibi Mosi ambaye matuta yake hayakukaa hata siku moja. Alikwenda kukiwa na ukungu, akarudi kukiwa na ukungu, kanga yake imeloa mpaka magotini na udongo mwekundu umekaukia kwenye vifundo vya miguu. Akifika anaweka jembe, anashika mwiko. Mara nyingine alisinzia amechuchumaa jikoni, mwiko mkononi, ugali unaanza kuungua.

"Mama Zainabu, lala kidogo," Sheshe alimwambia siku moja. "Lete nigeuze mimi."

"Soma," alisema Hamida, hakufumbua macho vizuri.

"Nimesoma tangu asubuhi."

"Basi rudia."

Hamida akageuza ugali mwenyewe. Neno lake lilikuwa hilohilo moja, na alilisema kama mtu anayesukuma mlango mzito kwa bega. Sheshe alidhani anamhimiza kwa ajili ya kijiji, kama wengine wote.

Mtihani ulipokaribia, majina ya watahiniwa wa nje yakatakiwa kupelekwa. Jumamosi hiyo mwalimu Tobia alikuwa amevaa koti, na hakuanza kwa utani.

"Umeshazungumza na mkeo habari ya kuhama?" alimwuliza.

"Kuhama kwenda wapi?"

"Utakakopangwa. Nimemwuliza bwana mmoja anayezijua taratibu zao. Magoma wanataka karani, na Mombo pia. Nadhani itakuwa Magoma."

Sheshe alicheka, akidhani ukungu na nazi vimeanza. Mwalimu hakucheka.

"Karani mpya hawekwi kwao, Sheshe. Ataandikaje kesi ya shemeji yake? Wewe utapelekwa chini, huko tambarare, na hapa ataletwa mwingine."

"Mgeni?"

"Mgeni."

"Mwalimu, watu wananilimia. Wote. Wananilimia ili nikae pale mezani, bibi Mosi akisema maji niandike maji."

Mwalimu Tobia alivua miwani, akaishika kwa ule uzi. "Na hukuniuliza hata siku moja?"

"Sikujua kama ni jambo la kuuliza," alisema Sheshe. Na ni kweli. Kwemvumo ukilimiwa, unawalimia waliokulimia. Haikuingia kichwani mwa mtu yeyote pale, si mzee Idd wala Ramadhani wala yeye mwenyewe, kwamba unaweza kulimiwa na watu hawa ukaenda kuwalimia wengine.

Alipanda kurudi kwake polepole kuliko bibi Mosi. Alikuwa amepanga maneno ya kusema, lakini kila aliyekutana naye aliuliza umefika wapi, na kila mara alijibu, "Naendelea, naendelea." Jumapili hakusema. Jumatatu hakusema. Ngemo yake ilikuwa imeshaitwa, maharage yalikuwa yameshalowekwa, na togwa ilikuwa imeshakaa.

Basi siku ile tunayoizungumzia, gogo likawekwa kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha sana na matuta ya upande wa juu yalikuwa yamelala yote. Sheshe alifungua kitabu cha Kiingereza akakiweka mapajani. Wimbo ukaanza. Alisikiliza, halafu akasogeza kigoda, akachungulia dirishani.

Aliona safu yote imeinama, migongo imepangana kufuata mteremko. Mwanzo wa safu, upande wa juu, mahali pa mwenye shamba, alisimama Hamida. Hakuwahi kumwona pale. Miezi yote hiyo aliketi akiupa mgongo ule mteremko, macho kwenye kitabu, na hakuwahi kujiuliza mahali pake pamejazwa na nani. Jembe la Hamida ndilo lililoshuka kwanza, wengine wakafuata. Alivuta udongo kwenda juu, udongo ukateleza, naye akateleza nao. Alianguka kwa goti, akashika jembe kama fimbo, akasimama, akainua tena, na hakuukata wimbo. Wala hakuna aliyesimama kumtazama, kwa sababu ilikuwa kawaida.

Sheshe akaweka kitabu chini akaenda kugonga mlango.

"Fungueni!"

"Umemaliza?" mzee Idd alijibu kutoka shambani.

"Fungueni nina neno!"

"Liandike kwa Kiingereza!" alipiga kelele Ramadhani, na watu wakacheka.

Aliupiga mlango kwa bega mpaka udongo wa ukutani ukadondoka. Wimbo ukanyamaza. Gogo likaondolewa, na Sheshe akatoka, miguu mitupu, macho yanafinywa na mwanga. Akasimama pale juu ya shamba akawaambia yote, bila kupamba: Magoma, karani mgeni, na kwamba alijua tangu Jumamosi na akanyamaza.

Majembe yakashushwa, moja moja.

"Yaani," alisema Ramadhani, akijishika kiuno, "mimi nimewalimia watu wa Magoma? Hata Mombo sijashuka mwaka huu, nimelima Magoma!"

"Wewe kaa kimya," mzee Idd alimkemea. "Ngemo iliyopita ulilima tuta moja ukaenda kulala kwenye migomba."

"Nililala, lakini nililala kwa ajili ya Kwemvumo!"

Wengine walicheka, wengine walikataa kucheka. Bibi Mosi alikuwa amekaa juu ya jiwe anapanga viazi vya kuchemsha kwenye ungo. Akasema taratibu, kwa Kishambaa, kwamba kumbe huko Magoma kuna bibi mwingine ataandikwa sawasawa, na yeye atarudi kufagia.

"Nisamehe, bibi," alisema Sheshe.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Wewe ndiye uliyeipanga serikali?" Akaendelea kupanga viazi vyake. Na hiyo ilimwuma Sheshe kuliko kama angemtukana.

Mzee Idd alichomeka jembe lake ardhini akaliegemea. "Kilicholimwa kimelimwa," alisema. "Ngemo haifukuliwi. Sisi tulitaka karani wetu, hatukumpata, basi. Lakini mtu tumemsomesha, na huo mtihani uko karibu. Sema wewe mwenyewe sasa, mgosi. Unautaka, rudi ndani, nitaweka gogo kwa mkono wangu na tutamaliza shamba lako leo. Huutaki, shika jembe tumalize wote kabla mvua haijarudi. Lakini sema. Mvua ile pale."

Wote wakamtazama Sheshe. Alichoka, jamani. Alichoka mpaka hakujua kama kilichokuwa kinamsukuma miezi yote ile kilikuwa chake au cha watu. Alifikiria zile treni mbili zinazokuja kwenye reli moja. Alifikiria kuinama, tu, kuinama kwenye safu na kusikia wimbo karibu.

"Mimi mzee," alisema, "afadhali nilime."

Akashuka hatua chache mpaka alipokuwa Hamida, akanyoosha mkono kuchukua jembe. Hamida hakuliachia. Sheshe alivuta kidogo. Hakuliachia.

"Mama Zainabu, lete."

"Rudi ndani."

"Hukusikia? Ni Magoma. Hakuna karani wa hapa. Kazi yote hii imekwenda bure."

"Nimesikia. Sina uziwi."

"Sasa?"

Hamida alikuwa anahema. Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akaacha mstari mwekundu wa udongo toka shavuni mpaka sikioni. Majirani wote walikuwa wanamtazama, na hakuzoea kutazamwa.

"Sasa nini?" alisema. "Hao walitaka karani wao wa hapa. Mama mkwe alitaka marehemu afurahi. Mimi sikutaka hayo."

"Ulitaka nini wewe?" aliuliza Sheshe, na hapo hapo akajua kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwuliza.

"Mbona siku zote hizi hukusema, mwanangu?" bibi Mosi aliuliza toka kwenye jiwe.

"Nilikuwa nalima, bibi."

Hakuna aliyecheka, hata Ramadhani. Hamida alitazama mteremko, kuanzia migomba ya juu mpaka mfereji wa chini, matuta yaliyosimama na yaliyolala, kisha akamgeukia mumewe. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa imechoka tu.

"Nilitaka tuhame huku. Tangu nilipoolewa, kabla ya hivyo vitabu vyako. Sikujua kama ni Magoma, nilisema moyoni, popote pa chini. Nataka kukaa mahali nikiweka mtungi wa maji ardhini, ukae. Nataka nilime miguu yangu yote miwili imesimama sawa. Rudi ndani, baba Zainabu, usome. Nataka kushuka."